Sensa Iliyokuwa Ikilia Bure

Mama Yurub,

Mtu asiguse gari. Hata kuisogeza tu, hapana. Funguo zote niko nazo. Jeylani akija na haraka zake, mwambie mimi ndugu yake nimekataa.

Nimeenda Kware kumleta yule fundi wa jana. Mkeka wa Hooyo, mama yangu, wa kuswalia nimeuloweka kwa beseni. Usiutandike nje kabla sijarudi.

Unakumbuka sensa ya nyuma ya gari, ile hulia ikiona kitu, niliyogonga kwa nguzo kule Mashuuru? Tangu siku hiyo, kila asubuhi nikirudisha gari nyuma inalia. Naangalia kioo, hakuna mtu. Nazima, naingia kunywa chai, nikitoka imenyamaza. Ukanicheka eti gari inaona majini. Jana fundi akasema imeharibika, inalia bure, akakata waya.

Leo nimerudi nyuma kimya kimya hadi tairi ikapanda kitu laini. Ni mkeka. Kumbe mama yangu huutandika hapo nyuma ya gari, ndipo jua hufika kwanza, na akisujudu kioo hakimwoni. Sensa ilikuwa inamwona. Tairi imekanyaga pale anapoweka paji la uso. Alikuwa ameingia ndani kidogo tu, kutafuta tasbihi.

~~Usimwambie.~~ Mwambie aswalie sebuleni. Sababu nitamwambia mwenyewe, nikiweza.

Amenikuta nimeshika mkeka, akaniuliza, "Gari imepona, mwanangu?"

Nikamwambia imepona.

Baba Yurub