Meza Bado Ni Yako, Mzee Hatua

Ni mwaka mmoja sasa, Baba, tangu ulipoiweka dira yako juu ya kabati la vyombo ukasema utaichukua ukishapumzika kidogo. Hukuichukua. Ipo palepale, na sindano yake haijaacha kutazama kaskazini. Hakuna aliyethubutu kuihamisha, hata Mama, ambaye huhamisha kila kitu.

Waliokuja kutupa pole walisema tumekupoteza. Kitinda mimba wako alilikataa neno hilo mbele ya watu. "Huyu hakupotea hata siku moja maishani mwake," alisema. "Tafuteni neno lingine." Shangazi akamvuta shati akae chini. Akakaa, lakini kauli yake hakuifuta.

Miaka thelathini na mmoja ulichora ramani katika ofisi ya ardhi. Ulipostaafu, wenzako walinunua viti vya kukalia kibarazani; wewe ukanunua viatu vya kukimbilia. Ukaingia katika mbio za ramani, mchezo ambao majirani hawajauelewa mpaka leo, kwa hiyo turuhusu tuwaeleze wanaosoma. Mkimbiaji hupewa ramani na dira, kisha anaingia porini kutafuta vibendera vilivyofichwa, kimoja baada ya kingine. Hakuna mstari wa chokaa wala mtu wa kumfuata nyuma. Atakayevipata vyote kwa muda mfupi zaidi ndiye bingwa. Wewe hukuwahi kuwa bingwa. Ulisema bingwa ana siku yake moja, lakini mchora ramani ana kila siku.

Mtaani walikuita Mzee Hatua, kwa sababu ulitembea huku midomo yako ikihesabu. Mtoto akikuamkia katikati ya hesabu, ulinyanyua kidole, ukamaliza mia yako, ndipo ukaitika. "Marahaba" yako ilimkuta mwenzio ameshapita nyumba tatu.

Na ulipapenda machimboni. Wengine waliona shimo la mawe lililoachwa, mahali pa kutupia matairi. Wewe uliona kuta zenye miti iliyojishikiza kwa mizizi, makorongo yanayogawanyika mara tatu, mawe makubwa yanayofanana kama mapacha, na vichaka vinavyomlazimisha mtu afikiri kabla ya kukimbia. "Hapa miguu peke yake haishindi," ulituambia. "Hapa hata bingwa wa bara ataomba msamaha." Ndiyo ilikuwa ndoto yako: mashindano ya bara zima yafanyike kwetu, machimboni, juu ya ramani iliyochorwa kwenye meza yetu ya chakula.

Meza hiyo uliichukua miaka minne kabla hujaondoka. Ulitandaza karatasi, ukapanga penseli za rangi, za kahawia kwa miinuko na za kijani kwa vichaka, na sisi tukahamia kwenye makochi na sahani zetu. Wageni ukawaambia, "Katika nyumba hii watu wanalia magotini, na wala hakuna msiba." Mama hakucheka hata mara moja. Sasa huirudia yeye mwenyewe, neno kwa neno.

Wiki tatu baada ya kukuzika, mwenyekiti wa chama cha mbio za ramani alikuja. Unamjua, yule mwenye duka la saruji na mabati. Alikaa ukingoni mwa kochi akaitazama meza.

"Mama, nimekuja kwa heshima," alisema. "Ramani ya mzee haikukamilika. Kona ile ya juu bado nyeupe, na wakaguzi wanakuja baada ya miezi minne. Naona tuliondoe ombi la kuandaa mashindano, tusije tukaaibika."

"Umemwuliza mwenye ombi?" Mama akamwuliza.

"Mwenye ombi ameshatangulia, Mama."

Kitinda mimba wako akatokea jikoni na sufuria mkononi. "Mwenye ombi ana watoto. Ombi haliondoki."

"Wewe, bwana mdogo, ni fundi wa kuchomelea mageti."

"Na geti nikilifunga mimi, hulifungui kwa kusukuma."

Mwenyekiti alikunywa chai yake, akaaga.

Ndipo kijana akalifungua daftari lako. Ukurasa wa kwanza uliandika: *Mita mia, hatua sitini na sita, ukihesabu mguu wa kulia tu.* Akaibeba namba hiyo kama wosia. Kila Jumamosi na Jumapili, miezi minne, alipanda na kushuka machimboni akihesabu, akarudi na miiba mikononi, akachora. Dada yake alipomletea chakula alimkuta amelala usingizi, shavu juu ya penseli ya kijani. Kona nyeupe ikajaa. Alijivuna, Baba, tusifiche. Alitembea mtaani kama aliyeyachimba machimbo yenyewe.

Mkaguzi alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye kofia iliyopauka na maneno machache. Aliichukua ramani akazama machimboni peke yake. Sehemu yako yote aliipita akitikisa kichwa kwa kuridhika. Alipotoka kwenye kona ya juu aliitandaza ramani mbele yetu.

"Nimefika penye jiwe," alisema, "jiwe lenyewe bado liko mbele. Korongo hivyohivyo. Kona hii yote imebanwa, kama nguo iliyofuliwa kwa maji ya moto. Nani alipima?"

Kitinda mimba wako alisimama. Mkaguzi akampima kwa macho kutoka utosini hadi kwenye visigino, na huko ni mbali, maana unajua alivyorefuka kupita kila mtu nyumbani.

"Na hesabu hii ya hatua ni ya nani?"

"Ya baba yangu."

"Baba yako alikuwa mfupi."

"Miguu tu," akajibu.

Mwenyekiti alicheka, akaona yuko peke yake, akaacha. Ndiyo hivyo, Baba. Alikwenda kwa miguu yake mirefu, akagawanya kwa sitini na sita, hesabu ya hatua zako fupi. Hakuna mpimaji mwingine duniani angefanya kosa hilo, kwa sababu hakuna mwingine aliyekuwa mwanao.

"Umechora kwa mapenzi," mkaguzi akamwambia. "Mimi siwezi kukimbia juu ya mapenzi. Nakupa wiki sita."

Kesho yake alivuta kamba ya mita mia kando ya ukuta wa machimbo, akaipita mara tatu, na mara zote tatu ikatoka hatua hamsini na saba. Akaja nyumbani, akafungua daftari, akaishika kalamu juu ya sitini na sita yako, na kalamu ikakataa. Aliona kuandika namba yake ni kukufuta wewe.

Mama alikuwa amesimama nyuma yake na sahani. "Andika," alimwambia. "Baba yako alikimbia na viatu alivyonunua mwenyewe. Hakuvaa vya babu yako."

Akaandika. Namba yako iko juu, yake iko chini, na hakuna iliyofutwa. Ile kona akaifuta yote mpaka karatasi ikabaki nyeupe, akaanza upya. Siku ya thelathini na tisa alimaliza. Mkaguzi alirudi, akaingia, akatoka, akaandika jambo moja kwenye karatasi yake: *Sahihi.*

Tungependa kukwambia kwamba tumepewa mashindano. Hatukupewa. Barua ilifika mwezi uliopita, na mwenyekiti aliisoma sebuleni kwetu. Walisema ramani haina kasoro na uwanja ni miongoni mwa viwanja bora walivyowahi kuviona. Lakini mji wetu hauna vitanda vya kutosha kulaza wakimbiaji mia nne, kwa hiyo wamewapa wengine.

"Basi," mwenyekiti akasema, "angalau tulijaribu."

"Hilo 'angalau' rudi nalo dukani kwako," kitinda mimba wako akamwambia. Tulimkanya, kwa sababu mwenyekiti ni mtu mzima. Lakini tulimkanya kwa sauti ndogo.

Mama ndiye aliyeuliza swali. "Wamesema kinachokosekana ni vitanda tu?"

"Vitanda tu, Mama."

"Kitanda kinatengenezwa. Machimbo yale nani anaweza kuyatengeneza?"

Jumatatu yake binti yako, mara tu alipotoka zamu hospitalini, alianza kupita nyumba kwa nyumba na daftari, bado amevaa sare zake. Nyumba arobaini na tatu zimekubali kutoa chumba. Jirani wa kushoto, aliyekucheka miaka yote, ametoa viwili na kuomba afundishwe kuisoma dira. Kitinda mimba wako amesimamisha kazi za mageti. Anachomelea vitanda vya chuma. Kumi na vinne vimekwisha, vimeegemezwa ukuta wa kibaraza, na kila kimoja kina urefu wa kumtosha yeye. Mwenyekiti alileta mabomba ya chuma kwenye mkokoteni, akayashusha mwenyewe, akaondoka bila kusubiri shukrani. Ombi la awamu ijayo tumeshalituma. Tukikataliwa tena, tutatuma jingine, na chini litakuwa na jina lilelile la mchora ramani.

Kijana ameomba ubeti wake uwemo. Tumemruhusu mmoja tu:

Wasemao kapotea, njia ndiyo hawaoni,
Ramani umetwachia, iko hapa mikononi,
Tena tutazirudia, hatua za machimboni,
Ombi tutalishikia, haliondoki mezani.

Na meza yenyewe, Baba, bado ni yako. Mwaka huu tumelia magotini kwa maana zote mbili za neno hilo. Kilio kinapungua. Sahani zitabaki magotini mpaka siku bingwa wa bara atakapotoka kwenye korongo lako la tatu, amechanwa na miiba, akiomba msamaha.

Unakumbukwa na mkeo, binti yako muuguzi na mumewe, kitinda mimba wako, wajukuu zako watatu, ambao sasa nao hunyanyua kidole wakiamkiwa, dada yako, wanachama wote wa chama, pamoja na mwenyekiti, na mtaa mzima uliosubiri marahaba yako.

Daima tutakukumbuka, Mzee Hatua, na tutakufuata kwa hatua zetu wenyewe.