Karai Juu ya Nyayo

Kitongoji cha Mlimani,
S.L.P. ya Parokia,
Mugumu, Serengeti.
Jumamosi, 1 Machi 2025.

Mpendwa shemeji Winfrida,

Amani ya Bwana iwe juu yako na juu ya nyumba iliyokupokea huko Tabora. Kabla ya neno lolote nauliza hali yako. Je, goti la kushoto limetulia? Binti yetu Mogesi na mumewe hawajambo? Sisi huku tu wazima kwa kadiri ya umri. Kaburi la mke wangu, marehemu dada yako, nimelipalilia wiki iliyopita, na yale maua uliyoyaleta mwaka juzi yameshika vizuri upande wa kichwani.

Barua yako ya Noeli niliipokea, nami nakuomba radhi kwa kukaa nayo muda mrefu hivi bila kujibu. Singizio la macho ninalo, lakini halitakuwa la kweli. Mara tatu nimeketi kukuandikia, na kila nilipofika kwenye jina la mwanao Joel nikaiweka kalamu chini. Leo sitaiweka.

Unakumbuka kwamba Novemba iliyopita Joel aliomba uenyekiti wa kijiji. Mimi nilisimama mbele ya watu nikasema, kijana huyu nimemfundisha kusoma na nimekula naye sahani moja, mchagueni. Wakamchagua. Sikatai kwamba alianza vema. Pampu ya kisima iliyolala miaka miwili aliiamsha katika mwezi mmoja, na vijana waliokuwa wakipigana mnadani aliwaketisha wakapatana. Hayo ndiyo matumizi ya madaraka, nami nilijivuna kama aliyezaa.

Sasa nisikilize, shemeji. Jumanne ya tarehe 18 Februari waliingia watu wa Genkuru wakifuata nyayo za ng'ombe wao sita walioibwa. Wewe uliondoka hapa siku nyingi, lakini taratibu zetu hukuzisahau: nyayo zikiingia katika kijiji, kijiji huzipokea na kuzifuata pamoja na wenye mali mpaka zitoke. Zikikosa kutoka, huitwa iritongo, baraza la watu wote, kila mtu aseme lake, na kijiji kizima ndicho kinacholipa. Hakuna mtu mmoja anayelipa kwa sababu tu nyayo zilipita mlangoni pake.

Jua lilikuwa linazama nyayo zilipofika nyuma ya boma la Mokami, mjane wa yule fundi mwashi aliyetujengea kanisa. Wazee tukasema unyayo wa mwisho ufunikwe, tuweke walinzi wawili wa kwetu na wawili wa kwao, kukicha tuendelee. Ndipo Joel akafika na pikipiki yake. Hakuizima hata injini. Akatazama pale chini kwa kitambo kama cha kupiga chafya, akasema, "Nyayo zimefia hapa. Chukueni maksai wake."

Mokami akamjibu kwa adabu, "Mwenyekiti, hapa ni nyuma ya boma. Hakuna hata unyayo mmoja ulioingia ndani."

"Mama, unanifundisha kazi?"

"Sikufundishi, baba. Nakuonyesha tu, maana hujashuka kwenye pikipiki."

Watu wakacheka. Naamini kicheko hicho ndicho kilichomharibu. Akasema kwa sauti kubwa kwamba serikali ya hapa ni yeye na serikali haichekwi, kisha akawaamuru mgambo wafungue zizi. Maksai wawili wakatolewa, wale ambao mama huyo aliwalea tangu ndama na ndio jembe lake la pekee. Mimi nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka pale. Nilisema, "Joel, mwanangu, ngoja kwanza." Naye akanijibu, mbele ya wageni, "Baba mkubwa, nenda ukapumzike."



Usiku ule mvua ya kwanza ilinyesha, ikafuta kila kitu. Asubuhi nilikwenda pamoja na Shaaban, yule fundi cherehani wa karibu na soko. Tulikuta karai la kufulia la Mokami limefunikwa chini, limekandamizwa kwa jiwe. Alilifunika yeye mwenyewe tulipokwisha kutawanyika. Tukaliinua polepole. Chini yake unyayo ulikuwa mkavu kama ulivyoachwa, na ncha za kwato zimeelekea kijitoni, zimeligeuzia boma kisogo. Shaaban akatikisa kichwa akasema, "Mwalimu, nimeishi na watu wa kila namna, bado sijaona mwizi anayeziazima nyayo zake mwavuli."

Tulimpigia Joel simu aje aone. Alisema uamuzi wa serikali haurudi nyuma. Si mbali, shemeji. Kutoka kwake hadi pale ni mwendo wa kumaliza rozari moja. Hakuja siku hiyo, na hajaja hata leo.

Wenye ng'ombe wenyewe waliwakataa maksai hao. Mzee wao, jina lake Nyangwine, alisema wao wanatafuta ng'ombe wao sita na hawakutoka Genkuru kuja kunyang'anya jembe la mjane. Wakarudi kwao. Hivyo maksai wakabaki nyumbani kwa mwenyekiti, kwa utunzaji, ndivyo alivyosema. Jumatano iliyopita, nikitoka misa ya asubuhi, niliona utunzaji huo kwa macho yangu: wamefungwa nira, wanalima shamba la Joel. Upande wa pili wa njia Mokami na binti zake wawili walikuwa wameinama na majembe ya mkono. Mvua haitawangoja. Asipopanda katika wiki mbili hizi, mwaka huu watakula nini?

Tulipokuwa wanafunzi wa misheni tulipeana zamu ya kupiga kengele. Aliyeshika kengele alikuwa mdogo kama sisi, lakini akiipiga, shule nzima ilisimama, hata walimu. Nguvu hiyo ilikuwa tamu, nami niliionja. Lakini saa ilitundikwa ofisini, juu, na mpiga kengele hakuruhusiwa kuigusa. Siku niliyosogeza mshale ili tutoke mapema, nilinyang'anywa kengele kwa muhula mzima, nami sikuonewa. Joel amepewa kengele. Ni nani aliyemwambia kwamba amepewa na saa?

Tungeweza kwenda wilayani, na tukishindwa tutakwenda. Lakini nimeona kwanza nikuandikie wewe, kwa kuwa mimi niliyemwombea kura ameniambia nikapumzike. Wewe uliyemzaa hawezi kukuambia hivyo. Nakuomba umwamuru awarudishe maksai yeye mwenyewe, mchana, kwa njia ile ile waliyopita, na kisha aliinue lile karai kwa mkono wake. Bado liko pale. Mokami hataki kuliondoa. Siku hizi anafulia kwenye ndoo.

Unisamehe kwa kukupelekea huzuni badala ya habari njema. Nisalimie Mogesi na mumewe, na mjukuu wetu Brayan. Mwambie babu anangoja kusikia amefika darasa la ngapi. Shaaban na mkewe Zuleha wanakusalimu sana. Mungu akulinde uingiapo na utokapo, na akupe usingizi mwema.

Ni mimi shemeji yako, nikupendaye na kukuheshimu,

Erasto

Nilitaka kusahau kukujulisha mchukuaji. Jumatatu wenyeviti wa vijiji vinavyopakana na hifadhi wanasafirishwa kwenda huko Tabora kujifunza ufugaji wa nyuki, na Joel ni mmoja wao. Barua hii ataileta yeye. Si desturi yangu kumsema mtu nyuma yake, kwa hiyo kesho baada ya misa nitamketisha na kumsomea yote, kisha nitamkabidhi bila kuifunga bahasha. Alhamisi nitapiga simu ya Mogesi kuuliza kama imefika. Akikupa kwa mkono wake, tafadhali, mpe kwanza maji ya kunawa na chakula ale ashibe, maana atakuwa amebeba mzigo mzito kwa njia ndefu.