Bunduki ya Baba Imevuka Mkoa

Alhamisi, Manyoni

Na bado Baba mdogo anapiga simu. Sipokei.

Asubuhi alinifuata kituo cha polisi Kongwa na wazee wawili, wanizuie nisichukue bunduki ya marehemu baba. "Bunduki hairithiwi na binti aliyeolewa," alimwambia askari. "Inahamia ukoo mwingine."

Nilimwamkia shikamoo kwanza, maana adabu ninayo. Kisha nikaweka mezani wosia, barua ya mahakama, leseni mpya yenye jina langu na kibali cha kuisafirisha hadi huku Singida. Askari alisoma karatasi zote, akaniuliza, "Mama, utaiweza kweli?"

"Baba alipopofuka nilimuuguza miaka minne, nikamuweza," nilimjibu. "Chuma hiki ndicho kitakachonishinda?"

Askari akanikabidhi bunduki mbele ya Baba mdogo. Miaka yote hiyo hakuja kumwona kaka yake hata mara moja.

Tuliiweka nyuma ya gari la mume wangu, haina risasi, imefungwa kwenye blanketi. Kwenye kizuizi cha barabarani niliwapa polisi kibali. Wakakagua, wakaturuhusu. Tulipofika tukaripoti polisi wa hapa, na sasa imo kabatini chini ya kufuli.

Ukweli ni kwamba naiogopa. Nina watoto wadogo humu ndani, na sijawahi kufyatua hata risasi moja. Huenda nikaisalimisha serikalini mwezi ujao, huenda nisiisalimishe.

Lakini baba alitaja jina langu. Nitaamua mimi.