Thelathini kwa Saa

Jumanne, 9 Agosti 1994

Chai ya rangi tena. Nimesahau kununua maziwa. Nasahau kila siku kwamba sasa ni mimi wa kununua.

Darasa la Saba, hesabu za mwendo na wakati. Wanashindwa kugeuza dakika kuwa saa. Nimewafokea kuliko kosa lenyewe, kisha nikaona haya, nikawapa zoezi nikatoka kusimama nje.

Jioni nimeifuta baiskeli ya injini. Niliinunua kwa mzungu wa mradi alipokuwa anafunga virago kurudi kwao. Vigurudumu vidogo, pedali zake zipo, injini inalia kama nyuki ndani ya kopo. Majirani wanacheka. Wacheke. Spidomita yake ilikufa zamani. Kesho natafuta nyingine.

Jumamosi ni arobaini ya mama Zena, kwao Mkuyuni. Binti yetu yuko kule kwa bibi yake tangu mazishi. Baada ya hitma kuna kikao cha wazee kuhusu mtoto. Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama. Nalijua hilo, nimeoa huku miaka mingi. Kwetu Ujiji ni kinyume. Shemeji Kibwana, kaka mkubwa wa marehemu, amenitumia neno kwa dereva wa pikapu: nikimtaka Zena nije mwenyewe nimwombe mbele ya wazee, saa nne asubuhi. Nisipoonekana watajua nimewaachia. Tena anauliza, mtoto akikaa mjini bibi yake atamwona vipi? Jibu langu ni baiskeli. Kila wikiendi nitampakia nimpeleke.

Jumatano, 10 Agosti

Siku hizi ruksa, kila bidhaa inaingia. Juzijuzi tu tulikuwa tunapanga foleni ya sabuni, leo kaduka kamoja karibu na soko kana redio, saa za ukutani, ndala za rangi zote na spidomita. Mwenye duka akasema hii inaingia baiskeli yoyote. Kwenye boksi pana picha ya baiskeli kubwa ya inchi ishirini na nane. Sindano nyekundu, na chini yake vitarakimu vinavyohesabu kilometa. Nzuri kweli. Nimeifunga mwenyewe.

Nimekwenda Bigwa na kurudi. Thelathini kwa saa! Mimi, mtu mzima, nimecheka peke yangu barabarani. Nimeingia ndani nikaanza, "Unajua leo mama Zena..." Nikabaki nimesimama na ufunguo mkononi.

Ijumaa, 12 Agosti

Dereva wa pikapu amenipitia. Ana nafasi ya mbele kesho alfajiri. Nimemshukuru, nimekataa. Nitafikaje kwa kupakiwa halafu niwaambie wazee nina usafiri?

Hesabu nimeshaipiga. Mkuyuni ni kilometa arobaini hivi. Kwa thelathini kwa saa, ni saa moja na dakika ishirini. Weka milima, weka vumbi, fanya saa mbili. Nikitoka saa moja na nusu nafika nusu saa kabla ya kikao. Petroli nayo nimeipima siku hizi tatu: lita moja inanipeleka karibu kilometa arobaini. Nimetia lita moja na robo. Mwalimu wa hesabu hajazi tangi kwa woga. Ya kurudia yupo mtu Mkuyuni anauza kwenye chupa.

Nimepiga pasi kanzu. Nimetandika kitanda cha Zena, shuka ya maua, ile aliyochagua mama yake. Naogopa kuliko siku ya kuposa. Siku ile nilikuwa na kaka yangu pembeni. Kesho sina mtu.

Jumamosi, 13 Agosti

Nimechelewa. Kikao kimekwisha. Zena anabaki kwao.

Jumapili, 14 Agosti

Sikwenda kokote leo. Niandike, labda itanitoka.

Nilitoka saa moja na nusu kamili. Sindano ikakaa kwenye thelathini, vilimani ishirini na tano. Kiroka, kijiji cha njiani, nilipofika niliona jua limepanda kuliko hesabu yangu. Nikatazama saa ya mkono, nayo inasema hivyohivyo. Sasa mtu mwenye akili angejiuliza. Mimi nikasema saa imezeeka, spidomita ni mpya. Nikaendelea.

Kiroka nimeiacha nyuma, injini ikakohoa, ikazima. Tangi kavu, milima imekunywa kuliko hesabu yangu. Tangu nyumbani spidomita imehesabu kilometa arobaini na mbili. Yaani kwa mujibu wake nilikuwa nimeshaipita Mkuyuni. Mbele yangu migomba na barabara inapanda.

Nikapiga pedali. Penye mlima nikasukuma, kanzu nimeikunja kiunoni. Genge la kwanza lilikuwa na mafuta ya taa tu. La pili limefungwa, wenyewe wamekwenda kwenye arobaini. Arobaini ya mke wangu. Pikapu moja ilinipita imejaa ndizi, nikapunga mkono, haikusimama.

Nimefika saa sita imepita. Wazee wameshakula, wananawa. Nikatoa shikamoo mmoja mmoja, jasho linanitiririka. Shemeji Kibwana akanikalisha mkekani. Akasema kwa upole, "Tulikungoja sana, Mwalimu. Wazee wakaona umeshatoa jibu."

Angefoka ningejitetea. Nikaanza habari ya petroli, nikajisikia ninavyosema. Mwanamume ameishiwa mafuta njiani siku ya arobaini ya mkewe. Mzee mmoja akatazama chini kwa kunionea haya.

Zena nimemwona kidogo tu. Amenyolewa nywele. Mkwe wangu akaniambia mtoto alikaa ukingoni mwa barabara tangu asubuhi mpaka wakubwa walipomwita ale. Nilirudi juu ya lori la mbao, baiskeli imelazwa pembeni yangu.

Alhamisi, 18 Agosti

Kazini. Nyumbani. Wali umeungua. Nimeula.

Jumapili, 21 Agosti

Nimeazima kidumu cha petroli nikashika barabara kuu ya kwenda Mikese. Kule pana vibao vya kilometa. Nilitaka kujua.

Nimeanza kwenye kibao, nikapita cha kwanza, cha pili, cha tatu: kilometa tatu. Spidomita ikasema nimekwenda kilometa nne na ushei. Nikageuza, nikarudia. Vilevile. Nikapima mwendo kwa saa yangu ya mkono, ile niliyoisingizia uzee. Sindano thelathini, mwendo wa kweli ishirini na moja hivi.

Nikakaa chini kando ya lami. Spidomita imetengenezwa kwa gurudumu kubwa kama la kwenye boksi. Langu dogo. Dogo linazunguka mara nyingi zaidi, spidomita inahesabu mizunguko, inadhani ni safari. Kumbe hata petroli nilikuwa naipima kwa kilometa ambazo hazipo. Hili ni swali la Darasa la Saba. Nalifundisha.

Kwa kitambo nilifurahi. Sikuzembea. Sikumtelekeza mwanangu, nilidanganywa na kidude. Nikataka kupanda baiskeli palepale nikamwambie. Nimwambie nani? Mama Zena ndiye angenisikiliza mpaka mwisho, kisha anicheke, kisha aseme twende tukamchukue. Malori yakapita, kila moja likinimwagia upepo. Jioni ikanikuta palepale.

Ijumaa, 26 Agosti

Shemeji amepitisha salamu kwa dereva yuleyule. Naweza kwenda kumtazama mtoto siku yoyote nipendayo. Amesema vizuri sana. Kumtazama.

Jumapili, 28 Agosti

Nimekwenda Mkuyuni. Tangi limejaa, nimetoka baada ya swala ya alfajiri. Sikuitazama sindano. Nimefika asubuhi mapema, umande bado uko kwenye majani.

Shemeji alikuwa anakwenda shamba, akaahirisha akakaa nami. Nilikuwa na maelezo yangu yote kichwani, vibao, gurudumu, boksi. Akaniuliza hali ya mjini. Nikamjibu hali ya mjini. Akaniambia Zena ameanza shule ya pale, na mwalimu wake anamsifu kwa hesabu. Nikasema alhamdulillahi. Vibao na gurudumu nimerudi navyo.

Zena akatoka ndani. Nilifikiri atanirukia kama zamani, nikaweka kofia pembeni ili mikono iwe mitupu. Akaja taratibu ameshika sahani, juu yake maji ya kunywa. Si kikombe. Ni glasi ile ya maua, inayotolewa kabatini wakija watu. Akapiga goti, akasema, "Shikamoo baba, karibu maji." Nikaitika marahaba. Nikanywa yote. Akasubiri glasi huku anatazama uani, binamu zake walikuwa wanaruka kamba.

Nimekaa mpaka adhuhuri. Wakati wa kuondoka alinisindikiza hadi barabarani pamoja na wenzake. Akasema, "Karibu tena, baba." Halafu wakarudi nyumbani wanakimbizana.