Daktari Ladislaus wa Misungwi

Misungwi,
Jumatatu asubuhi

Mume wangu, Baba Jovitha,

Pole na mvua. Nimesikia huko kwetu imenyesha mpaka migomba ya nyuma ya jiko imelala. Mgongo unaendeleaje? Ile dawa unakunywa, au umeitundika ukutani unaitazama? Mimi magoti yamepata nafuu. Daktari wa Mwanza aliniambia nipunguze chumvi na maneno ya kujichosha, nikamjibu chumvi nitapunguza. Jovitha ni mzima, anakula chakula changu.

Nimeamua kuandika kwa sababu simu yako unaiwekea sauti ya nje hadi wapita njia wanachangia. Na tena siku ile nilipokupigia kukueleza habari za yule mzee wa Kisukuma aliyekuuliza mambo ya ng'ombe, ulicheka ukasema, "Kwani nilimjibu vibaya?" Ulimjibu vibaya, Baba Jovitha. Lakini kosa la kwanza ni langu, ndiyo maana naandika. Soma peke yako, tena umekaa.

Ilikuwa Jumapili, wiki mbili zimepita. Tumetoka misa ya kwanza, nimevaa kitenge kile cha harusi ya mdogo wangu, Jovitha ananiendesha kwa pikipiki yake. Wanasema sisi Wahaya tunajisifu. Mimi sijisifu, nasema nilichokiona: barabara ile yote hakuna mwanamume aliyekuwa ameshika pikipiki kama mwanangu. Simu ikaita. Ni mtu anaitwa Mzee Luhende, mfugaji wa njia ya kwenda Kigongo, ameichukua namba mlangoni kwa Jovitha, pale kwenye duka lake la dawa za mifugo. Ng'ombe wake anazaa tangu alfajiri na ndama hatoki. Jovitha akamjibu kwamba anakuja. Yule mzee akasema, "Haya binti, mwambie bosi wako awahi."

Jovitha hakubishana. Akaniambia, "Mama, nikikurudisha nyumbani kwanza ng'ombe atakufa. Nishike vizuri."

Tulipofika tulikuta wanaume kama wanane wamezunguka zizi. Ng'ombe amelala, ulimi nje, na nyuma umetokeza mguu mmoja wa ndama, kwato tu. Walikuwa wameuvuta hadi wakachoka. Mzee Luhende akanisalimia mimi kwa heshima, "Mwangaluka, mayu," ndivyo Wasukuma wanavyomwamkia mama, halafu akaangalia barabarani tulikotoka. "Bwana mifugo yuko nyuma?"

"Ni mimi, mzee," Jovitha akasema, anavaa ovaroli yake. "Naomba maji ya moto na sabuni."

Baba Jovitha, walicheka! Si kicheko kibaya sana, ni kile mtu anachomchekea mtoto aliyevaa viatu vya baba yake. Mmoja akasema, "Dada, kule dukani kutuuzia dawa ni sawa kabisa. Hapa ni kazi ya nguvu." Mwingine mwenye fimbo akadakia, "Mkono wenyewe wa kupaka rangi ya kucha huo, utavunjikia ndani!" Na wa tatu, mwembamba hivi, akauliza, "Sasa mumeo atakula ugali uliosongwa na mkono uliotoka humo?"

Jovitha akamwambia, "Mume sina, kaka. Ugali nakula mwenyewe, na mkono huwa nanawa. Wewe ulinawa kabla ya kuvuta huo mguu?"

Wakacheka tena, safari hii wakimcheka yule mwembamba. Lakini maji hayakuletwa. Mzee Luhende ndiye aliyenichoma zaidi, kwa sababu alisema kwa upole. "Mayu, usidhani namdharau binti. Mimi wa kwangu nimesomesha, ni nesi. Kazi za wanawake zipo nyingi na nzuri. Hii siyo. Tutamsubiri bwana."

Ng'ombe akatoa sauti ambayo sijawahi kuisikia. Mke wa Mzee Luhende alikuwa amesimama kando, ameshika shingo ya kitenge chake, anamwambia mumewe maneno kwa Kisukuma, haraka haraka. Jovitha akaniambia chinichini, "Nusu saa, Mama. Baada ya hapo hakuna mama wala ndama."

Sasa ndipo nilipofanya nilichofanya. Nikatoa kitochi changu, ambacho hata salio hakikuwa nalo, nikakiweka sikioni. "Haloo, daktari! Eeh, tumefika. Umekwama Mwanza? Eeh. Aanze Jovitha? Utamwelekeza kwa simu? Haya, daktari, asante." Nikawageukia. "Daktari anasema binti aingie, yeye atasema nini cha kufanya."

"Daktari gani?" akauliza Mzee Luhende.

"Daktari Ladislaus."

Nisamehe. Jina lililonijia ni lako. Baada ya miaka thelathini na minne kwenye nyumba moja, lingenijia lipi?

Yule wa ugali ndiye aliyekimbia kuleta maji ya moto. Jovitha akanitazama. Mwanangu hajawahi kunitazama vile. Halafu akavaa glovu ndefu, akalala ubavu kwenye matope, akaingiza mkono mpaka begani.

Kichwa cha ndama kilikuwa kimegeukia nyuma, kama mtu anayeitwa njiani. Alimsukuma ndama arudi ndani, akakitafuta kichwa kwa vidole, akakifunga kamba, akakinyoosha. Jasho lilikuwa linamdondoka puani. Na mimi, mjinga wa darasa la saba, nimesimama na simu isiyo na mtu: "Daktari anasema polepole. Daktari anasema sasa vuta." Nilikuwa nasema alichokuwa ameshaanza kukifanya. Nikwambie ukweli, nilipata utamu. Watu ambao hawakumsikiliza mwanangu mwenye cheti walikuwa wananisikiliza mimi na kitochi.

Ndama akatoka, jike, akapiga chafya. Watu wakapiga kelele. Mzee Luhende akanishika mkono wangu, siyo wa Jovitha, akasema, "Huyo bwana anajua kazi! Niunganishe nimshukuru." Nikasema salio limekwisha. "Basi nipe namba yake." Macho yote kwangu. Nikampa ya kwako. Nilijua namba ngeni hupokei. Tangu lini umeanza kupokea?

Kabla hatujaondoka Jovitha alimwambia, "Mzee, kondo la nyuma lisipotoka mpaka kesho asubuhi, nipigie mimi mara moja." Akatikisa kichwa kama mtu anayemkubalia mtoto.

Njiani, pale kwenye majaruba ya mpunga, Jovitha akasimamisha pikipiki. Hakushuka. Akasema bila kugeuka, "Mama, nilihitaji dakika tano. Mke wa mzee alikuwa karibu kumshinda aniruhusu."

"Lakini ndama si ametoka?"

"Ndama ametoka. Mimi ndiye uliyenirudisha ndani."

Akawasha pikipiki, tukaenda.

Tangu siku hiyo wateja wakawa wanakuja dukani wanauliza, "Daktari Ladislaus yupo leo?" Jovitha akiwaeleza dozi ya dawa ya kupe, wanasema, "Mpigie kwanza daktari." Mwanangu anajibu kwamba hakuna daktari kama huyo, nao wanaona anamficha bosi wake ili wateja wabaki kwake.

Kumbe kesho yake kondo halikutoka, na Mzee Luhende hakumpigia Jovitha. Alikupigia wewe. Akakuita daktari, na najua ulikaa sawa kwenye kiti, ukakohoa kidogo. Ukamwambia ampe ng'ombe maji ya majivu na majani ya mgomba, amfunge karibu na moshi, litatoka. Wewe, Baba Jovitha! Wewe unayempisha njia mbuzi wa jirani! Akapiga tena Jumanne ukamwambia aendelee. Jumatano ukamwambia avumilie.

Alhamisi akaja dukani. Hakusalimia. Nje kulikuwa na watu wanasubiri chumvi ya mifugo, akasema ili wasikie: "Binti, mkono wako umeniharibia ng'ombe. Hali chakula, ananuka, anatetemeka. Daktari amehangaika kwa simu siku tatu kurekebisha ulichoharibu. Kwenye mnada nitawaambia watu wote."

Nikatoka nyuma ya meza. Nikasema, "Mzee Luhende, nisikilize mimi. Hakuna daktari. Simu ile haikuwa na mtu. Uliyempigia ni mume wangu, ni mkulima wa kahawa, hajawahi kumgusa ng'ombe maisha yake yote. Nilidanganya ili mumruhusu mwanangu. Yote yale aliyafanya yeye."

Unajua alinijibu nini? Hata hakukasirika. Alinihurumia. "Mayu, mama ni mama, lazima umfichie binti yako. Lakini mimi nimeongea na mwanamume mzima. Ana sauti nzito, ananitajia dawa bila kusita. Mtu asiye daktari anaweza kujibu vile?"

Watu wakaguna kukubali. Nilitaka kumwambia ndiyo, anaweza, muite tu daktari uone. Nikajizuia, maana ni wewe.

Jovitha akachukua mkoba wake. "Mzee, nakuja kumtibu. Ila namtibu mimi. Simu hakuna. Ukimtaka daktari wa simu, mwambie aje na sindano."

Tulikwenda. Pale zizini mzee akasimama mlangoni, haingii hatoki, ameshika simu yake. Nadhani alitaka kukupigia uruhusu. Mke wake akampita, akaanza kutoa miti ya mlango mmoja mmoja, anairusha chini. Akasema kwa Kiswahili, nafikiri ili na sisi tuelewe, "Wewe ongea na simu yako. Mimi naongea na aliye hapa. Sogea." Mzee akasogea.

Jovitha alimchoma sindano siku tatu mfululizo, akamsafisha, akawakataza kunywa maziwa yake mpaka atakapowaambia. Mimi nilishika ndoo, sikusema neno. Siku tatu! Sasa ng'ombe anasimama, anakula, anamnyonyesha ndama.

Nilidhani yamekwisha. Juzi Jumamosi nikaenda mnadani kununua maini. Mzee Luhende alikuwa kwenye banda la nyama choma na wenzake, anawasimulia kwa sauti: binti alikosea, Daktari Ladislaus akaligundua kosa kwa simu, akamwelekeza binti akasahihisha. Wanasema, "Ee, huyo ndiye!" Hakuwa anasema uongo, Baba Jovitha. Ndivyo anavyoamini. Nikapita na maini yangu kama mwizi.

Kuna wafugaji watatu wakubwa waliokuwa wamemwahidi Jovitha kazi ya chanjo ya mifugo yao yote. Jana wametuma neno kwamba watamsubiri daktari. Mnada ujao, Jumamosi, ndipo watakapoamua. Jovitha hakunigombeza. Alikuwa anapanga chupa kwenye rafu, akasema amenipa mgongo, "Nikiwakosa hawa, Mama, duka halifiki Krismasi. Baba atapata alichotaka." Maana hajasahau ulichonituma nije kumwambia: asipojiweza mpaka Krismasi arudi, umemtafutia nafasi ya kuuza vitambaa dukani kwa rafiki yako, kazi safi ya mtoto wa kike. Nami nilikuja nimekubaliana na wewe. Sasa sikubaliani. Nimemwona kwenye matope.

Kwa hiyo mpigie Mzee Luhende. Namba yake unayo, imekupigia mara tatu. Mpigie kabla ya Jumamosi. Mwambie kwa hiyo hiyo sauti nzito kwamba wewe si daktari, kwamba maji ya majivu uliyatoa kichwani mwako, kwamba ng'ombe wake nusura umuue na aliyemponya ni Jovitha peke yake. Mimi nimeshamwambia, haikushika. Mke wake amemwambia, haikushika. Jovitha anamwambia kila siku. Imebaki wewe, na inaniuma kwamba imebaki wewe, lakini ndivyo ilivyo.

Najua itakuuma. Mimi niliyasema mbele ya watu wa chumvi, na nimepona. Usipopiga, nitajua kwamba hukukosea kwa kutojua, umeamua. Basi Krismasi usitutazamie wawili, wala mmoja.

Barua hii naituma kwa bwana wa lori la ndizi anayeshusha Mkuyuni. Siku hizi anapita darajani Kigongo, hasubiri kivuko, kwa hiyo Jumatano itakuwa mkononi mwako.

Mpe shikamoo yangu dada yako mkubwa, umwambie ile mito ninaidarizi. Msalimie mke wa mwanetu na wajukuu, na mama jirani mwenye mbuzi. Msalimie na katekista. Mwaka jana alipouliza Jovitha anafanya kazi gani, ulimjibu, "Anamsaidia daktari wa ng'ombe," na mimi nilikuwa nimekaa hapo hapo nikanyamaza. Akiuliza tena, mjibu vizuri.

Ni mimi mkeo, ninayekupenda na kukusubiri kwenye simu,

Mama yake daktari.