Upepo wa Tairi Lililo Moto

Kendu Bay, Jumamosi, Agosti 1994

Shinikizo sahihi la tairi ni lile linalopimwa tairi likiwa baridi, kabla halijaanza safari. Nimewafundisha wanafunzi fasili hii kwa miaka mingi. Leo nimeikiuka mwenyewe.

Tulisimama Rongo, tukivuta tela la mahema ya kambi ya shule. Nilipima matairi yake papo hapo, kipimo kikazidi kile cha kitabuni, nikaanza kutoa upepo. Owino, dereva wetu, akaweka kiganja juu ya tairi.

"Mwalimu, usitoe. Iko moto tu. Ikipoa itashuka yenyewe."

"Owino, hili ni tairi, si ng'ombe mwenye homa. Ondoa mkono."

Wanafunzi wakacheka. Naye akacheka, kwa adabu, akaondoa mkono, nami nikatoa upepo hadi kipimo cha kitabuni.

Karibu na Kosele tairi lile, kwa kuwa sasa lilikuwa na upepo pungufu, lilizidi kupata moto likapasuka, tela likapinduka mtaroni. Hakuna aliyeumia, ila mahema yameraruka vibaya. Mwalimu mkuu, aliyekuwa ametutangulia kambini, aliuliza ni nani aliyeyashughulikia matairi. Owino alinitazama, akingoja niseme.

Nikasema, "Matairi ni kazi ya dereva."

Amefutwa kazi jioni hii hii. Alinifuata na mfuko wake mkononi.

"Mwalimu, si ungesema tu? Wewe hawangekufuta."

Ni kweli, wasingenifuta.

Nimeikagua sentensi yangu mara tatu, na haina neno hata moja la uongo. Basi, ni nani aliyemdanganya mwalimu mkuu?