Nimemnyima Koplo Karanga

Baba yangu mpendwa,

Koplo yu hai. Nimeanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeuliza kwanza, kabla hata ya kuniuliza kama mimi mwenyewe nimeamka salama. Yuko hapa kwangu Nkoma, Mbale, ndani ya tundu lake kwenye dirisha la sebuleni linalotazama mlima, na mama yuko naye. Tulipokwisha kukuzika kwenu Teso niliwachukua wote wawili, nikarudisha funguo za nyumba ya jeshi ya Kimaka, na tangu hapo sijakanyaga Jinja.

Ungetaka kujua anakula nini. Nitakuambia, ila kwanza nikukumbushe ulivyokuwa unamlisha wewe, maana sijaona kiumbe aliyekula kwa amri kama yule ndege. Daktari wa mifugo wa pale Jinja alikuonya kwamba kasuku hafugwi kwa karanga na alizeti, kwamba ini lake litajaa mafuta, nawe ukalipokea neno hilo kama agizo la makao makuu. Asubuhi majani ya mchicha, dodo mbichi, na karoti. Mchana maharagwe yaliyochemshwa bila chumvi, katika kisufuria ambacho hakuna mwingine aliyeruhusiwa kukigusa. Jioni papai, au mahindi mabichi. Ovakado mwiko, chai mwiko. Mke wa jirani alipomlisha kasuku wake mandazi yaliyochovywa kwenye chai, ulimwambia, "Madam, hiyo ndege unaua polepole," akakununia hadi walipohamishwa.

Halafu, Koplo akimaliza majani yake, uliita kwa ile sauti yako ya gwaride: "Mama Asege, leta karanga." Hukuwahi kumwita mama kwa jina lingine zaidi ya hilo langu. Naye alitoka jikoni akijifuta mikono, na karanga moja kiganjani. "Koplo amepata mshahara," ulisema, na ndege akaishika kwa mguu mmoja akiimega taratibu. Nilikuwa nacheka sana zamani hizo.

Kinachonichoma, Baba, ni kwamba ulimlisha ndege vizuri kuliko ulivyojilisha. Ulipopatikana na ugonjwa wa sukari, daktari wako alikuambia karibu yale yale: punguza ugali wa posho, ongeza majani, soda iwe historia. Ukamjibu, "Daktari, mimi si ndege." Ukarudi nyumbani ukakaa kwenye kiti chako ukaita, "Mama Asege, leta soda." Akaleta. Tangu nizaliwe sijamsikia mama akikukatalia kitu, na mwisho ulikufa kwa kuletewa kila ulichoitisha. Pale hospitali, siku zako za mwisho, niliichukua chupa ya soda mkononi mwa mama kabla haijakufikia. Ukageuza uso ukutani. Ningeichukua tena leo. Nina hasira na wewe bado, na wala sikufichi.

Hapa Nkoma Koplo alikaa kimya wiki za mwanzo, kajikunja pembeni mwa tundu. Kisha asubuhi moja najiandaa kwenda kazini, nikasikia kutoka dirishani mtu anasafisha koo, halafu: "Mama Asege, leta karanga." Ilikuwa sauti yako, Baba, wewe mwenyewe kabisa. Mama alitoka jikoni akijifuta mikono kabla hajajua anafanya nini. Tulilia wote wawili, tukampa karanga, na siku hiyo niliona tumebarikiwa.

Nilipokuwa kazini Koplo alikuwa anaita mchana kutwa, na mama anaitika. Majani hakuna aliyeyakumbuka. Alikuwa anamletea karanga za kukaanga za sokoni, zenye chumvi, konzi nzima. "Mzee ameita," ndivyo alivyonijibu nilipouliza. Nilimwona amepata kazi yake tena, nikamwacha aendelee. Lakini mdomo wa Koplo ukaanza kurefuka na kupinda. Manyoya yakafifia. Akipiga mabawa kidogo tu anahema mdomo wazi. Ule mfupa wa kifua uliokuwa unaupapasa kwa kidole kila Jumamosi, nilipoutafuta nilikuta nyama laini tupu. Daktari wa hapa Mbale, binti mdogo asiye na maneno mengi, alimshika akasema, "Ni ini. Mkiendelea hivi hamtakuwa naye." Karanga zikomeshwe zote, hata ile moja ya mshahara.

Nikalificha kopo la karanga. Mama alilitafuta jikoni kote, kisha akaja kusimama mbele yangu.

"Wewe ulinyima mzee soda, akakufa roho yake iko kwa soda. Sasa unanyima yeye tena?"

"Mama, huyu ni ndege."

"Najua ni ndege. Mimi si mjinga. Lakini nani mwingine anaita mimi?"

Anasema kweli. Hapa mtaani watu wanamwita Mama Mwalimu kwa sababu yangu, tena kwa Lugisu, lugha ya huku. Kiswahili chenu cha kambini kimebaki kwake na kwa yule ndege.

Koplo aliitupa dodo chini siku baada ya siku. Aliita hadi sauti ikakwaruza, na mama alijifungia chumbani akafungulia redio. Nilifanya ulivyokuwa ukifanya wewe, nikala majani mbele yake nikijilamba vidole. Akaonja karoti. Akazoea papai. Na kadiri alivyozoea, ndivyo alivyoacha kuita, maana hakuna aliyekuja tena. Sasa mdomo umekatwa vizuri, manyoya yamerudi, daktari amefurahi. Anaiga honi za boda boda na mlango wa jirani. Sauti yako haimo tena.

"Afadhali angekufa akiongea," mama aliniambia juzi, kwa upole kabisa, akichambua mchele. Kuhusu ndege najua ungekuwa upande wangu. Kuhusu mama sijui ungesemaje, na ndiyo maana nakuandikia.

Asubuhi hii nilikuwa nakuja na sahani ya dodo nikasikia mtu anasafisha koo sebuleni. Nilisimama. Mama alikuwa amepiga magoti kwenye kiti, uso karibu na nyaya za tundu, ameinamisha kidevu ili sauti iwe nzito. "Mama Asege," alikuwa anasema, "leta karanga." Akasubiri ndege aige. Koplo alimtazama kwa jicho moja. Mama akarudia, akishuka chini zaidi kooni, mpaka akaanza kukohoa. Kisha akarudia tena. Anajiita mwenyewe, Baba, na sikujua nifanye nini na ile sahani.

Lala salama huko Teso.

Mwanao wa pekee,
Asege